Gari la Sultani na Baraza la Bi Zuwena

Palikuwa na sultani mmoja aliyeletewa gari. Nanyi msidhani ni gari la kubebea mkaa. Lilikuwa jeusi, kubwa kama chumba na ukumbi, lina viti vya ngozi vinavyokanda mgongo, friji ya soda katikati, na paa la kioo la kutazamia nyota, ingawa Sultani mwenyewe hulala saa mbili. Ubaya ulikuwa mmoja tu: halikuingia kwenye kichochoro cha jumba lake. Lilikwama pale mwanzoni, penye baraza la mawe la Bi Zuwena, mjane muuza mbaazi na mahamri. Toka hapo hadi mlangoni kwa Sultani zilikuwa hatua arobaini, na zote alizitembea kwa miguu, kanuna.

Basi akaamuru baraza libomolewe kabla ya Ijumaa.

Habari zikamfikia Bi Zuwena. Baraza lile ndilo lililokuwa jiko lake na duka lake. Likiondoka angekula nini? Lakini ulimi alikuwa nao. Akajifunga kanga, akaenda ukumbini kwa Sultani.

Mji ule una desturi yake. Anayetaka kubomoa cha jirani ili apitishe kitu, awe nani awe nani, sharti akieleze kitu hicho mbele ya watu, karani aandike. Iwe kitanda, iwe ng'ombe. Sultani alikuwa akiisubiri nafasi hiyo tangu alfajiri.

"Nashika miguu, Maulana," akasema Bi Zuwena. "Tuelezee hilo gari, maana sisi macho yetu yamezoea punda."

"Lina nguvu za farasi mia nne."

"Mashallah. Na tangu lije, hao farasi wamekupeleka wapi?"

"Msikitini," akasema Sultani. "Na kurudi."

Mtu mmoja nyuma akakohoa. Msikiti wenyewe unaonekana kutoka dirishani.

"Mlima linapanda?"

"Mlima ni kitu gani? Linapanda majabali. Likiona njia mbaya linajiinua lenyewe."

"Na mto?"

"Linavuka. Maji yanafika kiunoni, nawe umo ndani unakunywa soda, hata kandambili hailowi."

"Na likikuta kitu kimekaa njiani?"

Hapo Sultani akasimama kabisa. "Bibi wewe, lina kamera pande zote. Hakuna kitu duniani kinachoweza kulizuia gari hili."

Watu wakaguna kwa mshangao. Sultani akaketi, amevimba kwa sifa.

"Umeandika, karani?" akauliza Bi Zuwena.

"Nimeandika."

"Na neno la Sultani likishaandikwa?"

"Halipingwi. Anayelipinga hufungwa."

"Alhamdulillahi. Basi, Maulana, baraza langu kwenda juu ni shubiri mbili. Lipande upite zako. Mimi nitasogeza sufuria."

Sultani akamtazama dereva. Dereva akainama kumnong'oneza, lakini alikuwa mtu wa sauti nene, na ukumbi mzima ukasikia: "Maulana, rangi itachubuka. Na zile rimu nimezing'arisha jana."

"Halipandi," akasema Sultani.

"Haliwezi, Maulana?"

"Sikusema haliwezi. Nimesema halipandi. Baraza libomolewe, na maneno yaishe."

Bi Zuwena akapiga magoti. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayepima mbaazi.

"Nimesikia na nimetii. Nitalibomoa mwenyewe mchana huu huu. Ila kesho wateja wangu wataniuliza sababu, nami kifungo nakiogopa. Nifundishe tu, Maulana, niwaambieje kwamba gari lisilozuiwa na kitu duniani limeshindwa na mahali ninapoweka makalio yangu, bila mimi kulipinga neno la Sultani?"