Pembe Ndani ya Kanga

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, mtaani Mteremkoni, waliohudhuria mkutano walikuwa hawa: Mzee Yonathani Shemboko, aliyekuwa katibu wa mtaa, Bi Mwanaidi Kaniki, Hozza Shekue, Tabia Mnkande, aliyefika wa mwisho, amelowa, na majirani arobaini. Bi Nakijua Shemdoe hakuhudhuria. Miguu ilikuwa haimbebi.

Mwaka uliotangulia mlima uliporomoka ukazika watu tisa. Sasa mfuko mmoja wa mjini ulitoa fungu la fedha kwa kazi moja tu, ile iliyouinua mtaa, na wakaazi waichague wenyewe. Mzee Yonathani akaweka sharti: asiyekuwepo mkutanoni, jina lake halisomwi kwenye kura.

Bi Mwanaidi akasema, "Kila Alhamisi nawakusanya wafiwa, tunapukuchua maharage, tunaongea. Zamani wakisikia mvua walikimbia ovyo gizani. Nimewafundisha: tulieni, msitoke mpaka pembe ya Tabia ilie kilimani. Sasa wanalala."

Hozza akasema, "Wanalala kwa sababu ya mtaro wangu, shangazi. Maharage hayazuii tope. Umebaki ukingo wa juu tu, nangoja fungu hili niujenge kwa mawe."

Tabia akasema, "Kila mvua mimi niko kilimani na pembe, niipige mlima ukianza kusogea. Hata leo nilituma salamu kwamba wingu limekaa vibaya, nibaki. Katibu, ulinijibu nini?"

"Sharti ni sharti, mwanangu," akasema Mzee Yonathani.

"Basi nimeshuka. Na pembe hii hapa." Akaifungua kutoka kwenye kanga. Watu wakacheka.

Mzee Yonathani alikuwa akihesabu mikono iliyoinuliwa aliposikia mngurumo usio wa radi. Mikono ikabaki juu.

Walipofika kwa Bi Nakijua, mtaro ulikuwa umepasuka pale pasipojengwa, na nusu ya nyumba ya Bi Nakijua haipo. Walimfukua angali anapumua, bakuli la maharage ya Alhamisi mapajani. Akamtazama katibu.

"Yonathani, pembe imelia? Mimi sikuisikia."

Mzee Yonathani, aliyejua jina la kila mtu pale, alikuwa bado na barua ya fungu mkononi, yenye nafasi tupu ya jina moja.

Bi Mwanaidi alifundisha utulivu. Hozza alichimba mtaro. Tabia alilinda kilima, na alipoitwa akaitika. Mzee Yonathani alitunza sharti. Je, nani alistahili fungu, na nani alistahili lawama? Jibuni nyinyi.

Bi Nakijua Shemdoe alifariki Jumatano alfajiri.