Nusu ya Nungunungu

Paukwa!

Pakawa!

Nyie mlio nyuma, mmeitika au mmepiga miayo? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, Ngiri alikuwa mkuu wa shimo. Shimo kubwa, shimo la baridi, shimo lenye mizizi tele ghalani. Lenyewe lilichimbwa na Muhanga, lakini hilo barazani halisemwi. Na ngiri, kama mjuavyo, huingia kwake kinyumenyume, makalio yakitangulia.

Siku moja nyika ikashika moto. Nungunungu akaja mbio, hana mbele wala nyuma.

"Hodi! Hodi wenyewe! Kwetu kunaungua!"

Ngiri akashikwa na huruma. Lakini mizizi ni ya watoto wake! Akaita baraza: yeye, Panya Buku mwenye ghala, na Kicheche karani.

"Akiingia atatumaliza!" akasema Panya Buku. "Mnalijua tumbo lile?"

"Na akiungua mlangoni petu," akasema Ngiri, "tutatazamana vipi?"

Kicheche akakohoa. "Wakubwa, utu uko kichwani. Kula kuko tumboni. Basi kichwa kiingie, tumbo libaki nje."

"Na mdomo je?" akauliza Panya Buku. "Si uko kichwani?"

"Hilo litaundiwa kamati."

Wakapiga makofi, pa pa pa! Ngiri akajiona mwenye haki kwelikweli. Nungunungu akaingiza kichwa, akashukuru, akaziba mlango wote. Miiba yake nje, chaa!

Kamati haijakaa, moto ukasogea, vuuu! Mara huko nje, kwatu kwatu kwatu! Ni Sikudhani, binti yake Ngiri, katoka mtoni kuchimba viazi. Akageuka, akaingia kinyumenyume kama alivyofunzwa.

"Yalaaa! Baba! Mlango umeota miiba!"

Ngiri akakimbilia mlangoni. "Nungunungu, toka!"

"Nitoke niungue?"

"Basi ingia!"

"Ruhusa sina, mkuu. Mimi ni nusu tu."

"Kicheche!"

"Kamati haijakaa, mkuu."

Sikudhani akalia, "Baba, na mimi mnataka nusu ipi?"

Lo! Ngiri hakungoja kamati. Akamng'ata Nungunungu sikio, akavuta, akavuta, akavuta. Fyuu! Nungunungu ndani, mzima. Sikudhani nyuma yake, pu! Mkia unafuka moshi. Moto ukapita juu yao, ukaenda zake.

Wakakaa siku tatu wamebanana. Kila anayejigeuza, "Aii!" Mizizi ilipungua, siwafichi. Lakini hakuna aliyekufa.

Siku ya nne Kicheche akakohoa tena. "Mkuu, moto umezimika. Ile sheria ya nusu irudi?"

Ngiri, mwiba ungali makalioni, akamtazama. "Irudi. Tutaanza na wewe. Chagua nusu."

Mpaka leo Kicheche hajachagua.

Basi, wakubwa kwa wadogo: kulinda ghala lako si dhambi, lakini utu haukatwi nusu. Mlango uliozibwa kwa mgeni umezibwa na kwa mwanao.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni. Anayeingia, na aingie mzima.