Neno Moja Kinywani mwa Sange

Hapo zamani za kale, wanangu, ukungu ulipokuwa bado haujajifunza kuondoka asubuhi, kulikuwa na nchi moja ya mawe na nyasi iliyokuwa kama inaota. Ukungu ulilala juu yake tangu alfajiri mpaka jioni. Nyumba hukuiona mpaka uifikie, tena kwa vipande: kwanza kizingiti, halafu mlango, halafu mwenye nyumba mwenyewe anakukodolea macho.

Wanyama wa nchi ile walikuwa na mikeka, na mafiga, na wakwe wenye maneno mengi, kama sisi. Walichokosa ni mvua. Maji yalitoka mahali pamoja tu, kwenye ufa wa jabali, to... to... to... Aliyekwenda kukinga alisinzia, akaota, akaamka, na kibuyu bado hakijajaa.

Vibuyu vilivyojaa vilipangwa uani kwa Mzee Tembo, mkubwa wa nchi. Vilikaa mstari mmoja, vimebanana, kila kimoja mahali pake.

Siku moja Mama Kanga alileta cha kwake, vifaranga wakimfuata nyuma.

"Changu kikae hapa, baada ya cha Nungunungu," alisema.

"Haya, sogezeni!" akaamuru Mzee Tembo.

Basi Kima akasogeza chake. Kibuyu cha Kima kikagonga cha Bibi Kobe, ko! Bibi Kobe akasogeza chake, kikagonga cha jirani, ko! Na yule akasukuma cha mwenzake, ko! ko! Mstari mzima ukayumba, na mwishoni, pwaa! Maji yakamwagika, ardhi ikayanywa hata bila kushukuru.

"Ya siku nzima hayo!" Bibi Kobe akalia.

Hata hawajamaliza kulaumiana, ukungu ulipasuka, wakatokea Simba na Fisi. Simba alivitazama vibuyu vilivyopangwa, akatabasamu.

"Ahsanteni kwa kunirahisishia kazi," akasema. Akaanza cha kwanza. Gubu! gubu! gubu! Akaenda hivyo hivyo, kimoja baada ya kingine, na Fisi nyuma yake akilamba midomo ya vibuyu, mpaka mstari ukaisha.

Mzee Tembo alikuwa mzee kweli, na kiu ilikuwa imemmaliza nguvu. Alitazama tu.

Sasa, katika nchi ile alikuwepo Sange. Mnamjua Sange? Mdogo kama panya, pua ndefu inachezacheza kama mkonga uliosahauliwa na tembo mdogo. Alipopita, majani yalisikika ti-ti-ti-ti, ukigeuka hayupo. Yeye ndiye aliyepanda juu ya kinu, akasema:

"Babu Tembo, tunapangaje maji yetu mahali pamoja, kama chakula cha mgeni? Kila mtu akafiche kibuyu nyumbani kwake."

"Mjukuu wangu, na mwenye kiu atavipata vipi, kwa ukungu huu?"

"Kila mmoja wetu akumbuke jambo moja tu: baada yangu ni nani, na njia ya kwenda kwake. Wewe babu utamjua wa kwanza. Wa kwanza amjue wa pili. Mwenye kiu aanzie kwako, aende mlango kwa mlango mpaka apate penye maji."

"Na wa mwisho?" akauliza Bibi Kobe.

"Wa mwisho ni wewe, bibi, mwenye mtungi mkubwa. Ukiulizwa, utasema: baada yangu hakuna."

Bibi Kobe akaingiza kichwa ndani, akakitoa tena. "Na mmoja akisahau je?"

Sange akajibu, "Akisahau, bibi, wote walio mbele yake wamepotea. Kwa hiyo asisahau."

Wakafanya hivyo. Mzee Tembo akamshika Nungunungu akilini. Nungunungu akamshika Mama Kanga, Mama Kanga akamshika Kima, na Kima akamshika Bibi Kobe. Ikawa raha! Baadaye akahamia mgeni, Paa, yule mnyama mpole mwenye miguu kama njiti, naye akataka kuingia. Safari hii hakikusogezwa hata kibuyu kimoja. Sange alimwambia Paa, "Baada yako ni Bibi Kobe." Kisha akamwambia Kima, "Baada yako ni Paa." Basi. Mgeni akawa mwenyeji.

Simba na Fisi walirudi wakakuta ua mtupu. Wakazunguka na kunusa, ukungu ukawajaa puani. Lakini Fisi ana masikio. Alijibanza nyuma ya nyumba ya Mzee Tembo, akasikia akimwambia mwenye kiu mmoja, "Anzia kwa Nungunungu, mwanangu, fuata mawe meupe."

"Ahaa!" Fisi akajisemea, akakimbia kumwita Simba.

Mama Kanga alimsikia, akamwona akikimbia. Akaruka hadi kwa Sange, akihema. "Wameshamjua wa kwanza! Watatumaliza mmoja mmoja!"

Sange hakungoja hata kuvaa kilemba. Ti-ti-ti-ti! Alipofika kwa Nungunungu alisikia tayari gubu! gubu! ndani ya nyumba. Akapita. Akapita kwa Mama Kanga. Akafika kwa Kima, ambaye nyumba yake ya nyasi ilikaa ukingoni mwa mteremko, nusu juu ya jabali, nusu juu ya ukungu.

"Kaka Kima! Baada yako ni nani?"

"Paa," akasema Kima. "Lakini usinibabaishe, unajua kichwa changu kinabeba neno moja tu. Likiingia jipya, la zamani linadondoka."

"Ndicho ninachotaka. Ngoja kwanza nilishike mimi." Sange akasema taratibu, "Paa. Paa. Paa." Alipohakikisha limekaa, akasema, "Sasa, kaka, baada yako ni Nungunungu."

Kima akapepesa macho. "Baada yangu ni Nungunungu." Na papo hapo neno la zamani likamdondoka, hata sauti halikutoa.

Wanangu, mmeona jambo lenyewe? Bibi Kobe na mtungi wake, Paa na kibuyu chake, wote sasa walining'inia kwenye neno moja, na neno lile lilikuwa kinywani mwa Sange peke yake.

Simba na Fisi wakaja. Wakanywa cha Mama Kanga, vifaranga wakitazama. Wakanywa cha Kima.

"Baada yako nani?" Simba akanguruma.

"Nungunungu," akasema Kima, kwa moyo mweupe kabisa.

Simba hakushika majina ya wanyonge, naye Fisi kwa shibe alikwisha kulisahau lile alilolisikia; wakaenda. Kwa ukungu ule, na matumbo yaliyojaa maji, walitembea kama watu wanaotembea usingizini. Nyumba ikatokea, kizingiti, mlango, na Nungunungu.

"Kibuyu kitupu!" Simba akasema.

Nungunungu alielewa mara moja. "Bwana mkubwa, umechelewa. Amepita mmoja kabla yako, amekunywa chote."

"Nani huyo?"

"Sikuuliza jina. Mkubwa hivi, ana manyoya shingoni. Na alikuwa na mtumishi anayechechemea."

"Simba mwingine!" Simba akasimamisha manyoya. "Ananinywea maji yangu! Fisi, twende!"

Kwa Mama Kanga, kitupu. "Ndiyo, alipita, ana sauti nzito." Kwa Kima, kitupu. "Alipita, hata shukrani hana." Na kila waliposhika njia, Simba aliongeza mwendo kumfukuza huyo mwenzake, na nyumba zikaja na kwenda ndani ya ukungu, kizingiti, mlango, macho, kizingiti, mlango, macho.

"Bwana mkubwa," Fisi akanong'ona, "hii nyumba kama nimeiona."

"Nyumba za wanyonge zote zinafanana. Tembea!"

Sange alijificha kwenye nyasi, karibu na nyumba ya Kima, akirudia neno lake. Paa, Paa, Paa. Jua lilipanda juu ya ukungu, joto likashuka jeupe na laini kama sufi. Paa... Paa... Macho yakawa mazito. Akaota mvua. Akaota anaelea juu ya bwawa, na pua yake ni kasia.

Akashtuka. Kinywa kilikuwa kitupu.

Moyo ukamwenda mbio, du-du-du. Baada ya Kima ni nani? Panya? Hapana. Pa... Papa? Wapi! Akilini alimwona Bibi Kobe mbali, anangoja na mtungi wake, wala hakuna njia ya kumfikia. Machozi yakamtoka Sange. Akajiambia, mgeni yule, miguu yake kama njiti, mpole yule...

"Paa!" akapiga kelele.

Puu! Kiganja kikamwangukia mgongoni. Cha Fisi.

"Ahaa, Sange! Kumbe ndiwe unayetuzungusha. Bwana mkubwa, nimemkamata!"

Simba akaja, ulimi nje. "Maji yaliyobaki yako wapi? Baada ya Kima ni nini? Sema, au nikumeze na pua yako."

Sange akawatazama, mmoja baada ya mwingine. Hawa hawajawahi kumsikia mgeni yule. Alihema, kisha akasema ukweli mtupu.

"Paa."

"Nini?"

"Baada ya Kima ni Paa. Maji yote yaliyobaki yako huko. Nikidanganya, nimeze."

Fisi akainua macho kwenye nyumba ya Kima, juu, juu kabisa, kwenye nyasi za kuezekea. Akacheka mpaka mate yakamtoka. "Paa! Wameyaficha kwenye paa la nyumba! Sisi tunatazama sakafuni tu!"

"Na yule simba mwingine?" Simba akauliza haraka.

"Bwana mkubwa, ukikawia ndiye atakayepanda kwanza," akasema Sange.

Loo! Simba alimsahau Sange. Fisi akamwachia. Wakarukia paa wote wawili, chakacha! chakacha! makucha yakichimba nyasi.

"Yako wapi?"

"Kule ukingoni, naona panang'aa!"

Ulikuwa ukungu tu uking'aa. Miti ikalia kriii... kriii... kisha paa zima likang'oka, likateleza polepole nao wakiwa juu yake, kama mkeka unaopeperuka, likazama kwenye weupe wa mteremko. Kimya. Halafu chini kabisa: BUU! Na baadaye kidogo, sauti ya mmoja akichechemea kwenda zake, na mwingine akimtukana.

Kima alitoka nje, akatazama mbingu pale palipokuwa na paa lake. "Nani atanilipia?"

"Sote tutakuezekea, kaka. Sasa nisikilize vizuri," akasema Sange. "Baada yako ni Paa."

"Baada yangu ni Paa," akasema Kima.

Basi wenye kiu wakapita: Mzee Tembo polepole, Nungunungu, na Mama Kanga aliyembeba mgongoni kifaranga wake mdogo, ambaye hakuweza tena kusimama. Wakanywa kwa Paa kidogo kidogo. Paa akawaelekeza kwa Bibi Kobe. Bibi Kobe akafunua mtungi, akachovya jani, akadondosha tone kwenye mdomo wa kifaranga.

Kifaranga akameza. Akafumbua jicho moja.

"Bado nina kiu," akasema.

Ndiyo hayo, wanangu, ukungu umebaki na mengine: penye wengi, kila mmoja amshike vyema anayemfuata, na mwenye nguvu hatawamaliza kwa mkupuo mmoja.