Ngiri Aliyejiwekea Ghala Kama Tembo

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa mkokoteni wa mtu mmoja, na mwenyewe kalala na kamba yake mkononi.

Sogeeni. Ngano hii nikiisimulia mimi, hata mbwa huacha mfupa akasikiliza. Wapo wenye vyeti ukutani wanaoujua mwanzo wake tu. Wakifika katikati wanaanza kukohoa. Mimi niliishia darasa la nne, lakini ngano naifikisha mwisho, hata kama mwisho wenyewe hauna raha. Na huu hauna.

Hapo kale, kale ya kale, chumvi ilichotwa ziwani na mikokoteni ikaipeleka sokoni. Tembo alikuwa na mikokoteni mingi. Ilikwenda kaskazini, ilikwenda kusini, ilijaa kila njia, na nyumbu waliikokota. Ngiri alikuwa na mkokoteni mmoja, akaukokota mwenyewe. Mkokoteni ukitembea, watoto wanakula. Mkokoteni ukisimama, watoto wanalala wakitazama paa.

Sasa, kulikuwa na nyani. Nyani hawalimi. Nyani hawachoti chumvi. Nyani wanaiba mikokoteni.

Kwa hiyo wanyama waliweka desturi. Kila mavuno, kwa kila mkokoteni ulio nao, unapeleka debe moja la mtama katika ghala la pamoja, kwa Mzee Kobe. Ukiibiwa, Kobe anafungua ghala, anamlipa Kigogota, fundi seremala, naye anakuundia mkokoteni mpya. Usipoibiwa, mtama wako umemfaa mwenzio, na wewe umelala usingizi.

Mavuno fulani, Tembo akaja kwa Kobe mkonga mtupu.

“Shikamoo, Mzee Kobe.”

“Marahaba, baba. Madebe yako wapi?”

“Yako nyumbani, na yatakaa huko huko. Mzee, kila mavuno nakuletea madebe mlima mzima, na ninaibiwa mikokoteni mitatu, minne mwaka ukiwa mbaya. Mtama unaobaki unakwenda wapi? Unawaundia wengine, na mwingine unautafuna wewe kwa posho ya ulinzi. Nimejenga ghala langu. Nikiibiwa, nitamwita Kigogota mwenyewe.”

“Na nyani wakiiba yote?”

“Wataiibaje yote? Mmoja uko ziwani, mmoja uko njiani, mmoja uko sokoni. Wakichukua mmoja, mingine inatembea, na hiyo inayotembea ndiyo inayolipa uliopotea. Tembo hashindwi na mkonga wake, mzee.”

Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba kutafuta jibu. Akalikosa. Maana Tembo alisema kweli. Hilo nawaambia mapema, msije mkamlaani bure.

Balaa ni kwamba Ngiri alikuwa amesimama nyuma ya ghala, debe lake kichwani, na masikio yamemsimama. Akageuka na debe lake. Akarudi nyumbani akiimba:

*Tembo ana ghala, nami nina ghala,*
*Ajikingaye mwenyewe hagawi mtama!*

Mkewe akatoka mlangoni. “Baba Mashavu, mbona debe limerudi?”

“Mama Mashavu, tangu leo mimi ni kama Tembo.”

“Kwa masikio au kwa tumbo?”

“Kwa akili!”

“Haya, mwenye akili. Tembo akiibiwa mmoja anabaki na njia nzima ya mikokoteni. Wewe ukiibiwa mmoja unabaki na nini?”

“Nabaki na debe langu.”

“Debe halikokoti chumvi, mume wangu.”

“Ndiyo maana wewe si Tembo,” akasema Ngiri, akaliweka debe uvunguni.

Kuna methali juu ya anayemwiga tembo haja kubwa. Mnaijua. Kuna watoto hapa, siisemi.

Nyani wakashuka. Wakaiba mkokoteni wa Tembo. Tembo akasema, “Umekwenda mmoja,” akafungua ghala lake, Kigogota akagonga: ko, ko, ko. Chumvi ikaendelea kwenda sokoni. Ngiri akamwambia mkewe, “Umeona?” Akaimba wimbo wake.

Nyani wakashuka tena. Wakaiba mkokoteni mwingine wa Tembo. Tembo akasema, “Umekwenda mwingine.” Ko, ko, ko. Ngiri akasema, “Umeona tena?” Akaimba mpaka majirani wakafunga madirisha.

Nyani wakashuka mara ya tatu. Ilikuwa mchana, jua la utosi. Ngiri alikuwa ameinamia kisima anakunywa maji. Alipoinua kichwa, palikuwa na alama za magurudumu tu, zinapanda mlimani. Akafungua mdomo. Wimbo haukutoka.

Akachukua debe lake mpaka kwa Kigogota. “Fundi, niundie mkokoteni.”

Kigogota akachungulia ndani ya debe. “Kaka, hii ni bei ya misumari.”

“Mbona Tembo unamuundia?”

“Tembo ananiletea madebe ya mikokoteni yote nimuundie mmoja. Wewe umeniletea debe la mkokoteni mmoja nikuundie mmoja.”

Akaenda kwa Kobe. “Mzee, mtama umo ghalani?”

“Umo kidogo. Tangu Tembo aondoke ni kidogo. Nao ni wa waliotoa. Nikikupa wewe, kesho akiibiwa Digidigi nimwambie nini?”

“Mwambie Ngiri alikuwa mjinga.”

“Ujinga wako hautamuundia mkokoteni, mwanangu.” Kobe akalia. Lakini mlango wa ghala hakuufungua.

Akaenda kwa Tembo.

“Ndugu yangu,” akasema Tembo, “nilikwambia unifuate?”

“Hukuniambia.”

“Nilikudanganya?”

“Hukunidanganya. Nipe kazi basi, nikokote wa kwako.”

“Nyumbu wananitosha.”

Wakati huo huo mleta habari akaja mbio: nyani wameiba mkokoteni mwingine wa Tembo! Tembo hakupepesa hata sikio.

Mtama wa lile debe ukaliwa, ukaisha. Nyumba ikauzwa kwa chakula. Mama Mashavu akawashika watoto, wakahamia kwenye shimo alilolihama muhanga, na humo ndimo wanamolala ngiri hadi leo. Ngiri akazunguka mlango hadi mlango, akipiga magoti. “Niingizeni katika kinga yenu, nitaleta debe.” Wakamwambia, “Kinga hutafutwa kabla, si baada.” Akapiga magoti mlango mwingine. Na mwingine. Magoti yakaota sugu.

Mkimwona ngiri porini anakula, tazameni: amepiga magoti. Waliosoma watawaambia ni shingo fupi. Shingo gani! Anaomba. Anayaomba majani, anauomba udongo. Na hakuna anayemjibu.

Basi shikeni neno hili: mwenye vingi hukingwa na vingi vyake; mwenye kimoja hukingwa na wenzake. Akili ya Tembo ni akili nyumbani kwa Tembo tu.

Ngano yangu imekomea hapo. Ikiwa tamu, nendeni nayo. Ikiwa chungu, nendeni nayo vilevile; mimi sina pa kuiweka.