Kifarasi Kilichopinda na Kiunzi Kilichohama

Hapo zamani palikuwa na Sultani aitwaye Badawi, mpanda farasi asiye na kifani. Na ushahidi wa jambo hilo ni kwamba yeye mwenyewe alilisema kila siku, wala hakuna aliyebisha akabaki huru.

Basi Sultani akaletewa kifarasi cheupe, chenye tumbo la heshima, akataka kukirusha juu ya kiunzi, kizuizi cha mti cha kurukwa, mbele ya wageni wake. Ikawa kila wakikaribia kiunzi, kifarasi hupinda kushoto kwenda zizini kwenye shayiri, na Sultani huendelea mbele peke yake, kwa kichwa. Kosa, bila shaka, likawa la mfunzi. Mfunzi Muzamili akatiwa gerezani.

Muzamili alikuwa na nduguye, Shekue, fukara ambaye watu walimwita mjinga. Shekue akaenda barazani, akainama.

"Maulana, mfungue ndugu yangu, nami nitamaliza kazi yake."

"Wewe usiyemiliki hata mbuzi?" Sultani akacheka. "Haya. Kesho alasiri nataka kifarasi na kiunzi viwe katika mstari mmoja ulionyooka. La sivyo, utamfuata nduguyo."

"Kifarasi na kiunzi, mstari mmoja?"

"Ndivyo nilivyosema. Au na masikio yako ni fukara?"

"Nimesikia, Maulana. Na baraza zima limesikia."

Kesho yake Shekue hakukigusa kifarasi. Alilala hadi adhuhuri, kisha akakibeba kiunzi, akakisimamisha katika njia ya zizini, akangoja.

Alasiri Sultani akapanda. Kifarasi kikapinda kushoto kama desturi yake, kikaona kiunzi mbele ya shayiri, kikanyooka kama mshale, kikaruka! Wageni wakashangilia. Nacho hakikuona sababu ya kusimama mpaka kilipofika horini penye shayiri, na Sultani akatua katika majani makavu.

Akatoka na majani kilembani. "Laghai! Umehamisha kiunzi!"

"Maulana, uliamuru viwili viwe katika mstari mmoja, hukusema kipi kinyooshwe. Nikaona kiunzi ni chepesi kushauriana nacho. Kifarasi kina matakwa yake, na wenye matakwa yao mimi siwawezi."

Sultani akawatazama wageni, waliokuwa wakiuma midomo wasicheke. Akisema ni hila, basi naye hakuruka.

"Mmeona nilivyoruka?" akauliza.

"Tumeona, Maulana! Ajabu!"

"Basi Muzamili na aachiliwe."

Jioni ile ndugu wawili wakakumbatiana langoni. Na tangu hapo Sultani akawa akiwafunza watu kwamba farasi hanyooshwi ila kwa subira, naye Muzamili, aliyekonda gerezani, akiitikia kwa adabu, "Naam, Maulana, nimeshuhudia."