Gauni la Kijani Chini ya Buibui

Saa moja na robo jioni ya Ijumaa, katika ukumbi mmoja wa Mombasa anakopambwa bibi harusi, wanawake wote walikuwa wamevua mabuibui isipokuwa mmoja. Jina lake Rukiya, dada wa bwana harusi.

Alikuja na mashoga watatu. Zamzam ana macho: akiona upindo tu, anakutajia gauni, kampuni iliyolishona na shughuli linayofaa, la posa, la kupamba au la maulidi. Bi Shamsa ana mdomo: akishika kipaza sauti, hata aliyenuna hucheza. Tumu ana mikono: sindano kwake ni kidole cha kumi na moja.

Rukiya alikuwa amefungua kifungo cha kwanza Zamzam alipomkamata mkono.

"Usivue. Mtazame Fauzia."

Fauzia, dada wa bibi harusi, alisimama karibu na jukwaa. Alivaa gauni la kampuni ya Safirel, kijani, mikono mipana, shanga kifuani. Lake Rukiya, chini ya buibui, lilikuwa hilohilo. Muuzaji alikuwa ameapa kwamba limekuja moja tu pwani nzima.

"Watasema nimemwiga."

"Watasema umekuja kumkomoa," alisema Zamzam.

Siku ya posa, Rukiya alimuuliza Fauzia mbele za watu, "Shoga, hilo latoka mtumbani?" Kesho yake Bi Swafiya, mama wa Fauzia na bibi harusi, alituma neno: kijembe kingine cha Rukiya, na binti yangu haolewi kwenu. Na sasa ndoa ilikuwa kesho, Jumamosi.

Kuvua hakuwezekani. Kuondoka pia: dada wa bwana harusi akitoka kabla ya kumtuza bibi harusi, hilo nalo ni tusi. Jasho lilimtiririka mgongoni.

"Nitoeni humu," aliwanong'oneza. "Atakayenitoa, gauni hili ni lake."

Bi Swafiya alikuwa keshafika. "Mwanangu, mbona wajifunika? Kwetu kuna baridi? Hebu vua tukuone."

Daktari alikuwa amemkataza Bi Shamsa kuimba mwezi mzima, koo lake lipone. Lakini Bi Shamsa alikipokonya kipaza sauti. "Mama wa bibi harusi hachezi? Au kachoka kuzaa warembo?" Kina mama walimzoa Bi Swafiya hadi katikati ya duara. Bi Shamsa aliunga wimbo kwa wimbo, hadi sauti ikakatika.

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa na mlango mmoja na hakikuwa na dirisha. Tumu alimvuta Rukiya ndani, akakomea, akatoa wembe na sindano mkobani. Aliifumua mikono ya gauni, akaifanya mshipi. Zilibaki shanga za kifuani, na kitambaa cha kuzifunika hakikuwepo. Tumu alivua gauni lake mwenyewe. Lilikuwa la lesi nyeupe, alilishona kwa ajili ya siku hii. Alilikata kifua chote.

Mlango uligongwa. "Mwazaa humo? Wengine tuna haja zetu!"

"Kichwa kishatoka!" alijibu Tumu, sindano kati ya meno.

Rukiya alitoka bila buibui. Buibui hilo alitoka nalo Tumu, amelivaa juu ya gauni lililokatwa, na hakulivua tena.

Fauzia alimjia Rukiya, akaishika ile lesi. "Hili umeshonesha wapi, wifi?"

"Kwa shoga yangu."

"Siku nyingine nipeleke nami."

Bi Swafiya alipiga kigelegele.

Jumamosi ndoa ilifungwa. Jumapili mashoga watatu walifika kwa Rukiya. Gauni lilikuwa limetundikwa mlangoni.

"Mimi sikupoteza kitu," alisema Zamzam. "Lakini bila macho yangu mngeokoa nini? Angeshavua."

"Na bila nyimbo zangu mngeshonea wakati gani?" alinong'ona Bi Shamsa. Sauti haikuwa imerudi.

Tumu alilisogelea gauni. Alikuwa akiitazama lesi yake.

Kuligawa ni kuliharibu. Kukaa nalo ni kuvunja ahadi. Rukiya aliwaambia wavue mabuibui, wanywe chai kwanza. Hakuna aliyevua; walitaka jibu kwanza.

Nanyi mliosikia, lau mlango ule ungekuwa wenu, gauni mngemtungulia nani?