Udongo wa Namcharo

Udongo mkavu haujafa, una kiu.

Bibi Nambike aliyasema maneno haya bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. Kila alasiri alichambua maharage barazani pamoja na wajukuu wake wawili, Eliwaza na mdogo wake Nietiwe. Siku hiyo jirani alikuwa amechungulia langoni kuuliza kama gauni alilompa Eliwaza amshonee limekwisha.

"Bado, mama," Eliwaza alimjibu. "Cherehani ni mbovu."

Jirani alikwenda zake. Ndipo Bibi akatamka methali yake, na mikono ya wajukuu wote wawili ikasimama juu ya maharage.

"Udongo gani tena, Bibi?" Nietiwe aliuliza. "Hapa tunazungumzia cherehani."

"Chambueni, niwaambie ulikotoka msemo huo."

Methali hii ilianzia kwa wafinyanzi wa milimani kwetu, Upareni. Ufinyanzi ulikuwa kazi ya wanawake, na vyungu vya wote vilichomwa pamoja, katika rundo moja la kuni na nyasi. Chungu kikipasuka, vigae vyake huruka na kuvunja vya jirani.

Alikuwako mke kijana aliyeitwa Namcharo. Aliolewa katika nyumba ya Nakijwa, mfinyanzi hodari asiyependa maneno mengi, na mama mkwe huyo ndiye aliyemfundisha kazi. Kila asubuhi Namcharo alifagia uwanja, akafunua majani ya mgomba yaliyofunika udongo wake, akaunyunyizia maji, akaanza kuukanda. Aliipenda kazi ile hata akawa anaimba bila kujijua.

Wakati huo wifi yake alikuwa amechumbiwa, na arusi ilipangwa baada ya mavuno. Desturi ilitaka bibi arusi aondoke kwao na chungu kilichofinyangwa na wifi yake. Akiondoka na cha kununua, watu husema kwamba nyumba ile ilikuwa imemchoka.

Namcharo akakifinyanga chungu kikubwa, kizuri. Lakini alikuwa na haraka ya kukionyesha. Akakipeleka motoni kabla hakijakauka vizuri kwenye kitako. Moto ulipopamba, kikalipuka. Vyungu vitatu vya wenzake vikavunjika pamoja nacho.

"Jamani!" mmoja akapiga kelele. "Mwenzetu katuletea baruti!"

Wanawake wote wakacheka. Namcharo naye akacheka, tena kuwashinda wao. Kesho yake alifagia uwanja kama kawaida, akainama kufunua majani ya mgomba, mkono ukagoma. Akarudi ndani.

"Mgongo unaniuma, mama," alimwambia mama mkwe.

"Pole," Nakijwa akajibu.

Siku iliyofuata alisema kuni zimelowa. "Kweli, zimelowa," Nakijwa akaitikia. Siku nyingine ikawa kichwa, na nyingine mbuzi. Nakijwa akawa anaitikia tu, na udongo ukawa unakauka pembeni, na wimbo haukusikika tena.

Basi mvua za vuli zikaanza, na shimo la udongo bondeni likajaa maji. Hapakuwa na udongo mwingine wa kuchimba hadi kiangazi. Namcharo akashtuka. Alikimbia na kata ya maji ili aumwagie ule wake, ambao sasa ulikuwa mgumu nje na wenye unyevu kidogo ndani. Nakijwa akamshika mkono.

"Uache."

"Lakini mama, unakufa!"

"Nimesema uache." Akaondoa majani yote ya mgomba, akaubeba ule udongo, akauweka darini juu ya jiko, penye joto na moshi.

"Kwa nini aliupeleka darini?" Nietiwe alidakia.

"Hata Namcharo alijiuliza hivyo hivyo," Bibi akasema. "Akaona ameshanyang'anywa kazi. Alilia peke yake kisimani, halafu akarudi kupika. Lakini kila alipokoroga ugali aliinua macho darini. Akauona udongo ukigeuka mweupe, ukipata nyufa. Akataka sana kujua, ila hakuthubutu kuuliza."

Mvua zilipokatika, Nakijwa aliuteremsha udongo ule, mgumu kama jiwe. Akaupondaponda kwa mchi, akautia kwenye beseni la mti, akamwita mkamwana wake.

"Mwaga maji."

Namcharo akamwaga. Udongo ukatoa sauti, sss, kama kikaango cha moto. Mapovu yakapanda. Mabonge yakaanza kubomoka yenyewe, moja baada ya jingine, bila mtu kuyagusa.

Namcharo akachuchumaa, akatega sikio. "Mama, unafanya nini huu?"

"Unakunywa."

"Mbona siku ile ulinizuia nisiunyweshe?"

"Siku ile ulikuwa nusu mkavu. Ukiumwagia maji hivyo, nje unateleza na ndani unabaki mabonge. Ukikauka kabisa, ndipo unajua kunywa."

Namcharo akatumbukiza vidole, kidogo tu, kuona. Kisha kiganja. Kisha mikono yote miwili hadi kwenye viwiko. Nakijwa akamtazama, na yeye ambaye maneno yalikuwa taabu kwake, akasema, "Mkamwana wangu, sikukunyang'anya kitu. Nilikungoja. Udongo mkavu haujafa, una kiu."

Chungu cha kwanza kilitoka mdomo upande. Wale wa mzaha wa baruti walicheka tena. Cha pili Namcharo alikikausha hadi kitako kikalia ngo! alipokigonga, na wifi yake alikwenda kwa mumewe nacho kichwani.

Bibi Nambike akapepeta ungo, makapi yakaruka. Nietiwe alimtazama dada yake. Eliwaza alikuwa ameshika harage moja tu muda wote ule, akiligeuzageuza.

"Bibi," akasema polepole, "cherehani ni nzima."

"Ehe."

"Ni lile gauni la kwanza nililolikata vibaya. Tangu siku ile nikishika mkasi, naogopa."

Bibi hakushangaa. Alimsogezea ungo aliweke lile harage, kisha akasema, "Udongo mkavu haujafa..."

"Una kiu," Eliwaza akamalizia, akaelekea chumbani iliko cherehani.